Vidole Vinne Korongoni

Jumapili, 3 Agosti

Vumbi! Nimekula vumbi tangu asubuhi. Nimepiga mswaki, nimesukutua, nimepiga mswaki tena, na bado nikisaga meno nasikia mchanga. Mke wangu kanikataza kukaa kwenye kochi. Nimemwambia hili ni vumbi la michezo, lina heshima yake. Akasema hata vumbi la rais halikai kwenye kochi lake.

Basi niandike hapa, kwa kuwa kwingine hakuna anayenisikiliza. Katika Chama cha Waendeshaji wa Njia za Porini, mimi ndiye wa mwisho. Kila msafara! Mbele anakwenda Mama Mwenyekiti, mkunga mstaafu, kwenye pikipiki yake nyembamba, mgongo umenyooka. Nusu ya wanachama aliwapokea yeye walipokuja duniani, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumpita. Nyuma yake wanafuata wengine. Nyuma ya wengine linafuata vumbi lao. Halafu mimi, juu ya pikipiki yangu ya magurudumu manne, niliyoipa jina la Bi Mdogo. Mke wangu halipendi jina hilo. Sijui kwa nini.

Chama kina lugha yake ya mikono, maana kwenye kelele za injini mdomo haufai kitu. Njia ni nyembamba na ni ya wote: sisi, wapanda farasi, watembea kwa miguu, waokota kuni. Mkikutana na mtu, wa mbele anainua vidole kuonyesha ni wangapi wanaomfuata. Vinne: wako wanne nyuma yangu, subiri kando. Anayefuata anaonyesha vitatu, kisha viwili, kisha kimoja. Wa mwisho anainua ngumi: nyuma yangu hakuna mtu, pita kwa amani. Ngumi ni mimi. Tangu nijiunge, mimi ni ngumi. Wameniita Mkia mpaka jina limenifuata dukani. Juzi mteja kauliza kama hapa ndipo kwa Bwana Mkia wa mapazia.

Lakini leo kuna habari! Mama Mwenyekiti katangaza kwamba magoti yake yamechoka kuongoza. Anatafuta kiongozi mpya wa msafara, atakayetupeleka siku ya kufungua njia mpya ya mlimani. Kasema hataangalia mwendo wala ukubwa wa injini. Ataangalia adabu ya mtu njiani na namna anavyowasiliana na wenzake, basi, na atawauliza wanaotumia njia. Akauliza nani anataka. Daktari wa Meno akainua mkono taratibu, kana kwamba anaomba ruhusa ya kupumua. Nami nikainua wangu. Sharti mtu akuunge mkono. Bahati nzuri shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameinua mkono kufukuza nyuki. Nikapaza sauti kwamba nimeungwa mkono. Ikapita.

Mbele! Hewa safi! Kuiona njia yenyewe badala ya makalio ya kigari cha Daktari! Sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nioe.


Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshinda dukani nikimchambua adui.

Tabia mbaya ya Daktari wa Meno ni kwamba hana tabia mbaya. Ana kigari kipya cha porini, cha viti viwili, kina taa nyingi kuliko ukumbi wa harusi, wala hakiringii. Akimwona mtembea kwa miguu ng'ambo ya bonde, anapunguza mwendo. Anayepanda mlima anampisha. Akikutana na farasi anazima injini na kuvua helmeti, ili farasi aone kwamba huyu ni mtu tu. Mwezi uliopita alimpisha kobe. Akamngoja amalize kuvuka. Akampungia mkono!

Watu wanasema ni muungwana. Mimi nasema mtu aliyezoea kuzungumza na watu walioachama midomo, wasioweza kumjibu, lazima ana lake jambo.

Mchana kaja mama mwenye hoteli kuulizia mapazia yake ya ukumbini. Manne, mazito, kila moja rangi yake, maana alishindwa kuchagua. Nikamwambia yako tayari, bado pasi. Hayakuwa tayari. Jioni nimemwomba mke wangu anisaidie pasi siku akitoka zamu mapema. Yeye ni mpokea simu wa kikosi cha uokoaji. Kutwa watu wanampigia wakilia, naye anawatuliza mmoja mmoja. Ana subira nyingi sana, ila yote huimalizia kazini.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Habari za njia, ndugu yangu. Tangulia wewe. La hasha, tangulia wewe. Mke wangu kachungulia, akasema kama nina adabu ya akiba nianze kwa kumpigia simu mama yake.


Jumatano, 6 Agosti

Nimefunga duka mapema. Mpango: kuonwa nikiwa na adabu. Adabu isiyoonwa na mtu ni hasara tupu.

Nimejibanza kwenye njia ya mtoni mpaka nikasikia kwato. Mfuga farasi, yule mwenye masharubu, juu ya farasi wake wa kijivu. Nikafanya yote! Nikasogea kando, upande wa chini wa njia, kama kanuni inavyotaka, kwa kuwa farasi huogopa kitu kilicho juu yake. Nikazima injini. Nikavua helmeti. Nikamsalimu. Nikamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za farasi, za watoto wa farasi. Akajibu vizuri, akatabasamu. Nikamwomba amtajie Mama Mwenyekiti jinsi nilivyo. Akaahidi.

Hapo ningekaa kimya nimwache aende zake. Lakini nilitaka aone na ninavyoondoka kwa adabu. Nikawasha.

Bi Mdogo ana kikohozi cha siku nyingi kwenye bomba la moshi. Alikohoa mara moja tu. Farasi akaenda upande wake, mfugaji akaenda upande wa mto. Nilimkuta ameketi kwenye tope mpaka kiunoni. Nikamuuliza tena habari. Hakujibu. Huo nao ni uungwana?

Jioni Mama Mwenyekiti kapiga simu. Mfuga farasi kanitaja kweli, kama alivyoahidi.


Ijumaa, 8 Agosti

Kama mimi siwezi kupanda, basi Daktari ashuke. Nimelipata wazo! Sijui kwa nini sikulipata mapema.

Shemeji kapita dukani kunywa chai. Yeye ni fundi pikipiki, anajua nani yuko wapi. Kasema kila Jumamosi asubuhi Daktari hupita Korongoni peke yake kabla ya kufungua kliniki. Korongoni njia ni ya chombo kimoja, mawe huku na mawe huku. Mkikutana, mmoja lazima ajibane kwenye kile kiwanja kidogo ubavuni mpaka wenzake wote wapite.

Basi! Nitakutana naye hapohapo. Nitamwonyesha vidole vinne. Atajibana kuwasubiri wanne. Wanne hawapo! Atasubiri, atachoka, atakasirika, atawakumbuka wagonjwa wake, ataingia njiani kabla ya wanne kupita. Nami nitakuwa nyuma ya kichaka, simu mkononi, nampiga picha. Muungwana gani huyu asiyesubiri wenzake? Jumapili picha iko kwa Mama Mwenyekiti.

Shemeji kauliza: kama hao wanne hawapo, kosa la Daktari litakuwa nini? Nimemwambia yeye ni mtu wa breki na minyororo, haya ni mambo ya kufikiri. Akanikumbusha anachosema Mama Mwenyekiti kila mwaka: anayedanganya kwa vidole ni hatari kuliko asiye na breki, kwa sababu kuna siku mtu ataiamini ngumi yake na kuingia kwenye kona, na huko akutane na gari. Mtu huyo chama kinamfukuza siku hiyohiyo. Nimemwambia anatishia bure. Ngumi ya uongo ndiyo hatari. Mimi nazidisha tu, na kuzidisha ni ukarimu.

Mke wangu kayapiga pasi mapazia ya hoteli huku akisonya. Nimeyatundika dirishani mwa duka yasipate mikunjo. Yamependeza!


Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Nimerudi. Mguu mmoja uko kwenye beseni. Nieleze.

Nimemkuta Daktari palepale. Nikainua vidole vinne, vimenyooka vizuri. Akajibana upande, akazima injini, akaniinulia dole gumba, akaniambia pole na vumbi. Vumbi gani, nilikuwa peke yangu! Nikapita, nikazunguka kona, nikaificha Bi Mdogo, nikarudi kwa miguu nyuma ya kichaka.

Akasubiri. Akatoa tufaha akala. Akatoa mswaki akapiga mswaki. Anatembea na mswaki! Akasubiri tena. Akatoa kitambaa chekundu, akakifunga kwenye fimbo na kuisimamisha njiani, ili wanne wakija wajue kuna mtu. Jua likamfikia, akahamia kwenye kivuli. Kivuli kikahama, naye akakifuata. Hakusonya hata mara moja. Nimepiga picha nyingi sana. Zote zinamwonyesha mtu anayesubiri.

Kisha akaanza kuita, kwa upole, kuelekea kwenye njia tupu, kwamba karibuni, msione haya, piteni tu.

Wakati huo siafu walikuwa wameshanipanda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kweli walikuwa nguoni mwangu, wote, mpaka juu. Nikacheza ngoma bila muziki nyuma ya kichaka. Sikutoa sauti! Nikaondoka kwa njia ya chini, nikiendesha kwa kusimama.

Hata hivyo sijashindwa. Daktari bado yuko kule na kliniki imefungwa. Mtu mwenye jino bovu hasamehe.


Jumamosi hiyohiyo, jioni

Naandikia bafuni, kwa kuwa ndiko kwenye komeo.

Nilikuwa nimefungua duka, nimekaa, nakuna mguu, mara Mama Mwenyekiti huyo, helmeti mkononi, uso umemshuka. Kumbe Daktari aliingiwa na wasiwasi. Hakuingiza kigari njiani, asije akawazibia wanne. Alishuka, akalipitia korongo lote kwa miguu, akaita mpaka sauti ikakauka. Akampigia simu Mama Mwenyekiti: nyuma ya Mkia walikuwapo watu wanne, na hawajatokea upande wowote.

Mama Mwenyekiti akaniuliza ni akina nani.

Nafasi ilikuwapo. Naikiri hapa tu. Ningesema nilitania, yangekwisha, ila na uanachama wangu ungekwisha palepale. Nikafungua mdomo. Ukasema: wageni. Wametoka mbali. Ndiyo kwanza wanaanza. Nilimsikia mtu huyu akizungumza nikashangaa anajua mambo mengi kiasi hicho.

Akaita chama kizima. Akaita kikosi cha uokoaji, wakaja na gari lao refu, na machela nne, na redio ya mkononi kwa kila mtu. Akasema mimi ndiye niliyewaona mwisho, kwa hiyo nitangulie, wote wanifuate.

Nitangulie!

Sijui niandikeje. Nimekuwa mbele. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila njia. Nimeona majani yana rangi. Nimeona ndege, wa buluu, mkia mrefu. Miaka yote hii sikujua njia yetu ina ndege. Nikageuka nyuma, nikawaona wote ndani ya vumbi langu, Daktari akikohoa huku amejiziba mdomo kwa kiwiko.

Tukakutana na bibi mwenye mzigo wa kuni. Nikasimama, nikazima, nikavua helmeti. Nikainua vidole kuonyesha wangapi wako nyuma. Mikono yote miwili haikutosha, ikabidi nifumbe na kufumbua. Bibi akashusha mzigo, akakaa kusubiri, akaniombea dua kwa kumjulisha. Nilimwambia ukweli na ulikuwa mtamu. Kifua kilinijaa.

Sasa nani angetaka kurudi? Kila Mama Mwenyekiti aliposema tuishie hapa, mimi niliona alama ya gurudumu. Korongoni hawapo? Basi wameshuka mtoni. Mtoni hawapo? Tazama tawi hili lililovunjika. Tukavuka bonde, tukapanda mlima, tukaingia kwenye njia mpya yenyewe. Hata haijafunguliwa! Nimeifungua mimi!

Huko juu redio ikalia. Makao ya kikosi yanataka maelezo ya waliopotea: urefu, mwili, mavazi. Wote wakazima injini wasikilize. Sauti ilikuwa safi, tulivu, ya kazini. Ilikuwa ya mke wangu.

Akaniita ndugu kiongozi wa msafara. Nilifurahi kidogo. Kisha akataka nimweleze wa kwanza. Kichwa kikawa cheupe. Nikafumba macho nifikirie watu wanne, watu wowote, na kilichonijia ndicho ninachokitazama kutwa.

Nikasema wa kwanza ni mrefu, kutoka dari mpaka sakafuni. Amevaa rangi ya damu ya mzee, kitambaa kizito, hakipitishi mwanga. Wa pili rangi ya maziwa, mpana, pindo mbili chini. Wa tatu kijani, ana kamba ya dhahabu kiunoni yenye vishada. Wa nne maua makubwa makubwa, na bitana kwa nyuma.

Nikaona nimemaliza vizuri.

Kisha akauliza: huyo wa nne, bitana yake imeungua kidogo pembeni, upande wa kushoto, umbo la pasi? Nilishukuru sana kusaidiwa. Nikapaza sauti kwamba ndiye, ndiye huyohuyo, je, umemwona?

Akajibu kwa watu wote wenye redio, kwa sauti ileile ya kazini. Akasema waliopotea wote wanne wamepatikana. Wako salama. Wananing'inia dirishani mwa duka la mume wake. Jana aliwapiga pasi mwenyewe, na huyo wa nne alimwunguza, alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia. Gari la kikosi lirudi.

Daktari wa Meno akauliza, kwa upole, kama hiyo ina maana hakuna aliyeumia.

Njia ya mlimani ni nyembamba, huwezi kumpita mtu. Kila mmoja akageuza chombo hapohapo alipo. Gari la uokoaji, lililokuwa nyuma kabisa, likaongoza. Nami nikarudi nikila vumbi la watu wote niliowahi kuwafahamu.


Jumapili, 10 Agosti

Kikao. Nilikaa kwenye kiti cha mwisho, mlangoni.

Mama Mwenyekiti kaanza kwa kusema njia ya mwongo ni fupi. Nikaomba nafasi nirekebishe. Nikasema, kwa heshima zote, njia yangu ilipita korongoni, mtoni, bondeni na mlimani, na magari mengine yaliishiwa mafuta. Shemeji akacheka, akaona anaangaliwa, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Wakataka kunifukuza. Mfuga farasi si mwanachama lakini alikuja kuunga mkono, na fimbo yake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama: nikasema kazi ya mapazia imenikaza vidole, nikifungua mkono vinne hutoka vyenyewe. Mama Mwenyekiti akasema ameshika watoto wengi wakiwa na umri wa dakika moja, na hata wao hudanganya vizuri kuliko mimi.

Hapo akasimama Daktari. Nikajua sasa ndiyo kisasi. Aah! Kumbe anaombea nisifukuzwe! Kasema kila mtu anayekaa kwenye kiti chake humwapia kwamba anapiga mswaki asubuhi na jioni, na hajawahi kumfukuza mgonjwa. Kasema yeye alisubiri bila kuona taabu kwa sababu vidole vya mwanachama anaviamini kama macho yake, na angependa kuendelea kuviamini, hata vyangu. Mtu mmoja akapenga kamasi. Nimemchukia kuliko siku zote.

Hukumu. Daktari ndiye kiongozi wa msafara. Mimi nabaki mwanachama, ila nimeandikwa rasmi kuwa mkia mpaka mwaka uishe. Nitavaa fulana ya njano yenye neno MWISHO kifuani na mgongoni. Nitasimama kwa kila mtu na kila mnyama. Kwa farasi sitawasha mpaka awe amekata kona na kwato hazisikiki. Na nitakwenda kikosi cha uokoaji kutundika mapazia kwenye bweni lao kwa mikono yangu, kuwaomba radhi.

Nimeumia, niseme kweli. Fulana si kitu. Nimeumia kwa sababu pale mbele nilikuwa mzuri. Yule bibi wa kuni hakuigiza. Hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Nyumbani nimekuta mezani sahani zimeoshwa. Nikamuuliza mke wangu kama kuna kinachofuata. Akainua ngumi.


Jumanne, 12 Agosti

Nimetundika mapazia bwenini mwa kikosi. Siku mbaya. Kila mwokoaji aliyepita alilisalimu pazia. Pole na safari. Umerudi salama? Familia ilikuwa na wasiwasi. Mmoja kaja na machela.

Nikaanguka kwenye ngazi. Nikaita msaada. Wakauliza naanguka kweli au nazidisha tu.

Mke wangu kapita na faili zake, akalishika pazia la mwisho, akaniambia limekaa vizuri, mkono wangu ni mzuri nikitulia. Kisha akanipangusa vumbi begani. Hayo tu. Nimefanya kazi iliyobaki bila kuanguka.

Nafikiri nimebadilika. Nahisi utulivu. Nimempigia simu mama mkwe. Alifikiri kuna msiba.


Alhamisi, 14 Agosti

Jumapili tunafungua njia mpya. Daktari mbele, mimi nyuma na fulana yangu. Nimeipokea hali yangu. Nimeipokea kabisa. Nilikuwa nashona pindo kwa moyo mweupe, sina hila, sina kinyongo, na wazo likaja lenyewe. Sikuliita!

Pale juu njia ni nyembamba. Hakuna wa kumpita mwenzake. Msafara ukilazimika kurudi, kila mmoja anageuka alipo. Na msafara ukigeuka, nani anakuwa mbele?

Nimelirudia swali hilo mara nyingi, sikuona kosa.

Nimetafuta ubao mzuri, upana wa dirisha dogo. Nimenunua rangi nyekundu. Nimeandika NJIA IMEFUNGWA, na chini yake, kwa herufi ndogo, TAFADHALI GEUKENI, AHSANTENI. Adabu kwanza! Kesho alfajiri nitaupigilia kwenye mti, baada ya kona ya mwisho. Daktari wa Meno akiona maandishi hata hatauliza. Yule akiambiwa tafadhali anaweza kukaa miaka. Atainua mkono, atazima, atawajulisha walio nyuma, watageuka mmoja mmoja kwa utaratibu. Hakuna aliyedanganywa kwa vidole. Ubao hauna vidole!

Shemeji kaukuta ubao unakauka nyuma ya duka. Kausoma mara mbili. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwambia nasikia vizuri tu. Akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa, akaniuliza kama nimefikiri kwamba msafara ukishageuka, huko nitakakowaongoza ni kulekule tulikotoka, kwenye maegesho, na hatutakuwa tumefungua njia yoyote.

Nimemwambia haelewi. Nitakuwa mbele.